Mshipi wa Bwana Temba

1

Saa mbili kasorobo asubuhi, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilimuuma Beda Kunambi, naye akajua Kobelo ameingia kazini.

"Karibu, Kobelo," alisema, akatia alama ya vema kwenye daftari.

Kobelo mwenyewe hakumsikia. Alikuwa upande wa pili wa kiwanda, nyuma ya kuta tatu, akirukaruka kwa mguu mmoja mbele ya kizingiti cha stoo ambacho alikuwa akijigonga kila siku ya kazi tangu mwaka juzi. Kizingiti hakikuwahi kuhama. Kobelo hakuwahi kujifunza. Na Beda, ambaye kidole chake hakikuwa kimegonga kitu, ndiye aliyekuwa wa tatu katika ndoa hiyo.

Kikafuata kiuno. "Shikamoo, Mama Stumai. Si uliambiwa hiyo ndoo muibebe wawili?" Kisha ulimi ukaungua kidogo: huyo mlinzi na chai yake, mtu asiyejua maana ya kupuliza. Kisha magoti yote mawili kwa mpigo: fundi wa tanuri anapiga magoti kuchungulia moto. Ilipofika saa mbili na robo Beda alikuwa ameshaita mahudhurio ya watu arobaini na watatu bila kufungua mlango wa chumba chake, na msimamizi wa zamu, mwenye orodha na kalamu, bado alikuwa anatafuta miwani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika kiwanda cha sufuria cha Chungu Kipya, mjini Morogoro. Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, akaumwa.

Mshipi wenyewe ulikuwa mwepesi kama utepe, ukivaliwa kiunoni, chini ya shati, ukigusa ngozi. Kila mfanyakazi alivaa kikuku mkononi. Kikuku kilisoma mishipa ya fahamu, kikayatuma maumivu kwenye mshipi, na mshipi ukayatua mahali pale pale kwenye mwili wa aliyeuvaa, yakiwa yamepunguzwa hadi sehemu moja ya kumi. Hiyo sehemu ya kumi ilipatikana kwa kuvutana. Vyama vya wafanyakazi vilitaka nusu, wenye viwanda wakataka moja ya elfu, bunge likagombana wiki tatu, mwishowe wote wakatoka wamenuna kwa usawa. Maumivu ya moyo yaliondolewa baada ya majaribio, pale mwenye kiwanda mmoja wa sabuni alipolala kitandani siku nane akilia, kumbe karani wake ameachwa na mchumba. Tena kikuku hakikutaja jina. Wafanyakazi walilikataa hilo mapema: hakuna aliyetaka bosi ajue tumbo la nani linasokota siku gani. Mshipi ulisema wapi panauma, basi. Kumjua nani ni kazi ya kichwa chako.

Na sheria ilikuwa fupi kuliko zote zilizowahi kutungwa. Mshipi avae mwenye amri. Yaani yule ambaye akisema "nunueni glavu", glavu zinanunuliwa.

Pale Chungu Kipya, Beda akisema "nunueni glavu", watu walicheka. Mwenye amri alikuwa Bwana Eligius Temba.

Bwana Temba aliuvaa mshipi siku moja na nusu. Kilichomshinda hakikuwa kiuno wala magoti. Ilikuwa ni chai ya saa nne.

Wafanyakazi wa Chungu Kipya walikuwa na desturi yao ambayo hakuna aliyekumbuka ilianzaje. Saa nne wanakaa kwenye mabenchi, wanapewa muhogo wa kuchemsha, na Mama Stumai anafungua chupa yake ya pilipili kichaa iliyosagwa na ndimu. Kila mtu anachovya, anakula, ananyamaza. Atakayekuwa wa kwanza kuguna, kukohoa, kupumua kwa mdomo au kufuta jicho, huyo anaosha vikombe vya wote. Kwa hiyo kila siku, kwa robo saa nzima, watu arobaini na watatu walikaa wameungua midomo, nyuso zimetulia kama wanasikiliza hotuba ya mgeni rasmi.

Sasa piga hesabu. Ndimi arobaini na tatu, kila moja sehemu ya kumi. Bwana Temba alipata moto wa ndimi nne na ushee ndani ya mdomo mmoja ambao haukuwa umekula kitu. Walimkimbiza hospitali, daktari akamchungulia kooni, akamwambia ana meno mazuri.

Keshokutwa yake akamwita Beda, kijana wa kidato cha nne kutoka chumba cha kufungasha, ambaye sifa yake ilikuwa kucheka akijipiga nyundo.

"Beda mwanangu, eti wewe una mwili mgumu?"

"Bosi, mimi nimesoma bweni miaka minne. Ugali wa pale ulikuwa unaturudishia ngumi."

"Basi saini hapa."

Akasaini kwamba yeye ni msaidizi binafsi na kwamba atatunza siri. Bwana Temba akaenda kwa fundi viatu, akashonewa mshipi wa ngozi unaofanana na ule, na kwa madoido akauongezea kitaa kidogo cha kijani kinachowakawaka. Wakaguzi wakija, anaufunua. Kiwanda kizima kilijua. Walimwita Beda Mkurugenzi wa Machungu, na asubuhi walimsalimia kwa kujifinya.

Maisha yalikuwa matamu, ukiacha maumivu.

2

Jumanne moja Beda alikaa kitini, akaita mahudhurio yake, akahisi kuna mtu hayupo.

Alipitia daftari. Kidole cha Kobelo, kipo. Kiuno, kipo. Ulimi, magoti, vyote vimeripoti. Ndipo akagundua kwamba mkono wake wa kushoto umekaa kimya, na kwamba hata jana haukusema.

Kwa miezi mitano kifundo cha mkono ule kilikuwa kikimgonga, du, du, du, kila baada ya pumzi tatu, sawasawa na mdundo wa presi kubwa, ile mashine inayoshuka kama ghadhabu na kuligeuza duara la alumini kuwa sufuria. Huyo alikuwa Chausiku. Akienda kunywa maji, mkono ulipumzika. Akirudi, nao ulirudi. Beda alikuwa ameuzoea hadi akawa anaupigia mluzi.

Leo presi ilikuwa inadunda, aliisikia kwa masikio yake. Mkono ulikuwa hausemi.

"Dada amepona," alisema kwa sauti, akafurahi.

Furaha hiyo ilidumu kama nusu kikombe cha chai. Akakumbuka siku moja darasani alipoukalia mguu wake kipindi kizima cha jiografia. Mguu haukumuuma hata kidogo. Aliposimama kujibu swali, alianguka chali mbele ya wasichana wote wa kidato cha tatu, kwa sababu mguu haukuwepo.

Beda aliruka kutoka kwenye kiti. Kiti kikabaki kinazunguka peke yake.

Kwenye ukumbi wa presi, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa koti la Kobelo limening'inia mahali pasipo pake. Lilitundikwa kwenye wavu wa kinga. Wavu ule ulitakiwa kushuka mbele ya mashine kabla nyundo haijashuka, ili mkono wa mtu ubaki nje. Lakini kuupandisha na kuushusha kulikula pumzi mbili kwa kila sufuria, na oda ya masufuria makubwa ya harusi ilikuwa imebana, kwa hiyo wavu ulikuwa umefungwa juu kwa waya, ukageuka kabati la nguo.

Chausiku alipomwona aliondoa mguu kwenye pedali, presi ikatulia. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kilemba cha njano, na mdomo wake ulijulikana mpaka Kihonda.

"Mkurugenzi wa Machungu! Umetoka ofisini kwa miguu yako? Nani kafa?"

"Habari za kazi, dada Chausiku."

"Kazi njema. Ila wewe umenenepa, ujue. Maumivu yetu yanakulisha vizuri. Juzi nilimwambia Mama Stumai, yule mtoto akiendelea hivi mshipi utakatika, halafu tutaumia sisi wenyewe bila msaada..."

"Nimekufinya," alisema Beda.

"Lini?"

"Sasa hivi. Bado nakufinya."

Chausiku aliangalia chini. Vidole vya Beda vilikuwa vimeng'ang'ania ngozi ya mkono wake wa kushoto, vimeikunja kama anakamua ndimu. Hakuhisi.

"Tangu lini?" aliuliza Beda.

"Jumapili. Nilikuwa namenya vitunguu, nikaona damu kwenye sinia, nikauliza ni ya nani." Alijaribu kucheka. "Kumbe yangu."

"Na unalisha presi kwa mkono huo. Bila wavu."

"Beda, nisikilize." Alimvuta pembeni. "Miaka sita nilibandika lebo kwenye mifuniko. Sita. Kila nilipoomba presi niliambiwa mashine hii haiwezwi na mwanamke. Sasa ninawashinda wote kwa sufuria thelathini kila zamu. Ukisema mkono wangu umekufa ganzi, kesho nimerudi kwenye lebo."

"Nisiposema, hizo lebo utabandika kwa mkono mmoja."

"Usinitanie."

"Kwa mara ya kwanza sikutanii."

"Niahidi hutanitaja jina," alisema Chausiku.

Beda alifikiri. Jina ni jina, na wavu ni wavu. "Jina lako sitalitaja," alisema.

Bwana Temba alikuwa na furaha siku hiyo. Alikuwa na karatasi mkononi, yenye mstari uliokuwa ukipanda miezi mitano, kisha ukaporomoka. Mshipi ulituma kumbukumbu zake Idara ya Dhamana, ile ya serikali inayokagua mishipi, na Idara ilikuwa imeona mporomoko huo.

"Umeona, mwanangu? Maumivu yamepungua! Kesho saa nne mkaguzi anakuja mwenyewe kutukabidhi bango. Kiwanda Kisichouma! Nitalitundika pale getini."

"Bosi, hayajapungua. Yamekufa."

"Kuna tofauti gani?"

Beda alimweleza: ganzi, presi, wavu, koti. Hakutaja jina. Bwana Temba alisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Wavu utarudi oda ikiisha."

"Oda inaisha lini?"

"Harusi ni Jumamosi ijayo. Na kesho, baada ya chai, mkaguzi ataonyeshwa presi ikifanya kazi. Kwa kasi." Alimpigapiga Beda begani, kwa upole kabisa. "Wewe vaa mshipi, mimi niendeshe kiwanda. Na usisahau, kuvaa mshipi usio wako ni kosa la jinai. Ulisaini. Ukifungua mdomo tunaingia wote wawili, na mimi nina wakili. Kesho wageni wakiwepo, wewe utajifungia stoo. Uso wako hauna siri."

Beda alirudi kwenye kiti chake lakini hakukizungusha.

Wazo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa ameuona ugumu wake kama zawadi kwa kila mtu. Bosi analala vizuri, yeye anapata kiti, wafanyakazi wanapata wa kumtania. Lakini hebu kifundo kile kingekuwa kinamgonga Bwana Temba, du, du, du, wakati anakula, wakati anasali rozari, wakati anapiga simu. Wavu ungerudi wiki ya kwanza. Angeushusha kwa mikono yake! Miezi mitano mkono wa Chausiku ulikuwa ukipiga hodi, na Beda ndiye aliyekaa mlangoni akisema, karibu, karibu, bila kumwambia mwenye nyumba.

Hakuwa amembebea mtu mzigo. Alikuwa amemziba bosi masikio.

Akisema, anafungwa. Akinyamaza, presi inashuka. Aligeuza hayo mawili upande huu na upande ule, akitafuta mahali ambapo anabaki mzima na mkono unabaki mzima. Hapakuwepo.

Akaenda kumtafuta Mama Stumai.

"Mama, ile chupa ya kesho..."

"Bosi kaipiga marufuku. Kasema mbele ya mgeni tule muhogo na chumvi, kama wagonjwa."

"Mama, nakuomba usiitii hiyo amri. Tena nakuomba ile ya mwisho kabisa. Ile uliyosema unaiweka kwa ajili ya posa ya mwanao."

Mama Stumai aliweka ndoo chini, akamtazama kijana juu mpaka chini. "Beda. Ile inang'oa rangi ya ukuta."

"Ndiyo, mama."

"Na mshipi unao wewe."

"Ndiyo, mama."

Alimshika shavu. "Mtoto wangu, utakula kitu usiku huu? Kula ushibe. Kesho hutaonja chakula mpaka Pasaka."

Mchana huohuo presi iliugua ghafla. Springi ya pedali ilitoweka, na Kobelo, aliyekuwa akitembea kwa shida kidogo kwa sababu ya kitu kilichokuwa kwenye soksi yake, alisema hajaiona.

3

Mkaguzi aliitwa Bi Mwaipopo. Alikuwa mfupi, mwenye miwani minene na kitabu kidogo, na alikuwa na tabia ya kuwaangalia watu mikononi kabla ya usoni. Bwana Temba alikuwa ameleta fundi wa nje alfajiri, presi ikapata springi mpya, bango limekunjwa mezani, maua yapo, spika ipo.

Alifunua koti, akaonyesha mshipi wake. Kitaa cha kijani kikawakawaka.

"Siuvui hata nikioga," alisema, na kwenye mabenchi mtu mmoja alikaribia kupoteza shindano kabla halijaanza.

Saa nne ikagonga. Muhogo ukaletwa. Mama Stumai alipita kwenye mabenchi na chupa ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, kwa heshima, kama anagawa dawa. Watu arobaini na watatu wakachovya. Wakala. Wakatulia.

Stooni, Beda alikuwa amekaa juu ya gunia la misumari akisubiri. Kwanza haikuwa kitu. Halafu ilikuwa kila kitu. Ilianza kwenye ncha ya ulimi, ikapanda puani, ikashuka kooni, ikarudi na ndugu zake. Masikio yakapiga kengele. Aliyaona malaika, na malaika nao walikuwa wanajipepea.

Akausukuma mlango. Akajigonga kidole gumba cha mguu wa kushoto kwenye kizingiti.

"Kobelo," alinong'ona, "nakuheshimu."

Aliingia ukumbini wakati Bwana Temba yuko katikati ya hotuba. "...kwa sababu mimi, ndugu mgeni rasmi, huwahisi watu wangu. Wakiumwa, naumwa. Wakicheka, nacheka..."

"Kwik!" alisema Beda.

Watu wote wakageuka. Kijana alisimama mlangoni, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu chache alizokuwa nazo, macho mekundu, mdomo wazi, kwikwi inamrusha kama kuku aliyefungwa miguu. Mabenchini hakuna aliyetingishika. Desturi ni desturi. Chausiku peke yake aliacha kutafuna.

"Huyu kijana anaumwa?" aliuliza Bi Mwaipopo.

"Malaria," alisema Bwana Temba. "Ya kurithi."

"Kwik! Shikamoo, mkaguzi."

"Marahaba. Kaa chini, utaanguka." Bi Mwaipopo alimtazama Beda. Akawatazama watu wa mabenchi, mikono yao kwanza, na vipande vya muhogo mikononi. Akanyoosha mkono, akachukua kipande kwenye sahani ya Mama Stumai, akachovya, akala.

Ukumbi mzima ukamgeukia.

Miwani ya mkaguzi ilipata ukungu. Aliivua. Alitafuta leso, akakosa, akatumia bango. Zilipita dakika kama mbili hivi kabla hajaweza kutumia tena ulimi wake.

"Vikombe," alisema Kobelo kwa sauti ya chini, "vinaoshwa na mgeni rasmi."

"Bwana Temba," alisema Bi Mwaipopo, na sauti yake ilikuwa imechubuka lakini imenyooka. "Nimekula kipande kimoja, nimemwona bibi yangu aliyefariki. Hawa watu wako wamekula wote. Nimewaona. Sehemu ya kumi ya hii, mara arobaini na tatu, ilipaswa kuwa mdomoni mwako tangu robo saa iliyopita." Alivaa miwani. "Na wewe unatabasamu."

Bwana Temba aliacha kutabasamu, lakini alikuwa amechelewa sana. Alijaribu kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu ambaye hajawahi kuigiza hata shuleni.

Beda alisimama. Alilivuta shati juu, mshipi ukaonekana, wa kweli, usio na kitaa chochote.

"Ninao mimi, mama. Kwik. Mwaka mzima. Nilisaini, nilijua ninachosaini. Hilo mtanihukumu baadaye. Lakini sikutoka stoo kwa ajili ya pilipili." Alielekeza kidole. "Ile presi haina wavu. Wavu ule pale juu, una koti. Na mkono unaoilisha uliuma miezi mitano, nikausikia mimi nisiyeweza kununua hata waya. Sasa hauumi tena. Mnatupa bango kwa sababu ya mkono uliokufa ganzi. Msiiwashe. Basi. Nipeni maji."

"Mkono wa nani?" aliuliza Bi Mwaipopo.

"Nimeahidi kutosema. Kwik."

Bwana Temba alifungua mdomo kusema kwamba kijana amechanganyikiwa. Lakini kwenye benchi la kati kilemba cha njano kiliinuka.

"Wangu," alisema Chausiku. Alinyanyua mkono wa kushoto juu, vidole vimejikunja nusu. "Mtafute wa kunirudisha kwenye lebo, aje hapa tuonane. Lakini huyu mtoto msimfunge. Ni mjinga, ila ni mjinga wetu."

Na kwa kuwa alikuwa amefungua mdomo, akakohoa, machozi yakamtoka, na ukumbi mzima, ukiwa umesamehewa mara moja, ulilipuka kwa kukohoa, kuguna, kupiga chafya na kucheka. Bi Mwaipopo hakucheka. Alikuwa anamvua Beda mshipi. Akamgeukia Bwana Temba, akaufunga kiunoni mwake kwa mikono miwili kama anamfunga mtoto kitenge.

"Ngoja," alisema Bwana Temba, "tuongee kwanza, wakili wangu..."

Halafu pilipili ikafika.

4

Mahakamani wakili alijitahidi. Alisema Chausiku aliijua hatari, akaikubali. Hakimu akauliza kama Chausiku aliwahi kupewa presi yenye wavu akaikataa. Wakili akasema mteja wake aliikabidhi kazi ya usalama kwa Beda Kunambi, mtu mzima mwenye akili timamu. Hapo hakimu alichomoa kalamu sikioni.

"Wakili msomi, hili lilisemwa na mahakama za Waingereza tangu enzi za makaa ya mawe, na mahakama zetu zimelibeba hivyo hivyo. Mwajiri anaweza kumtuma mtu amfanyie kazi ya usalama. Lawama yake hawezi kumtuma mtu aende kuibeba. Mteja wako alijaribu kuajiri mgongo. Mgongo huo umerudishwa."

Bwana Temba akaamriwa kumtibu Chausiku mpaka apone, kumrudisha kwenye presi yake akipona, na kuvaa mshipi mwenyewe, sehemu ya tano badala ya kumi, kwa miaka miwili. Kisha zamu ya Beda ikafika. Kosa lake lilikuwa wazi na alilikiri. Hakimu aliandika muda mrefu. Akamhukumu kifungo cha nje cha miezi sita: kila siku ya kazi, saa za kazi, akae karibu na simu na kumfundisha mwenye amri kusoma alichokivaa.

Simu ya kwanza iliingia siku iliyofuata, saa mbili kasorobo.

"Beda!" Sauti ya Bwana Temba ilikuwa ya mtu aliyeshika kitu. "Kidole gumba! Mguu wa kushoto! Huyu ni nani, mbona anataka kuniua?"

"Huyo Kobelo, bosi. Amefika kazini. Ni kizingiti cha stoo."

"Kila siku?"

"Tangu mwaka juzi."

Simu iliwekwa mezani kwa kishindo. Beda alidhani imekatika. Halafu akasikia, kwa mbali, nyayo, mlango, na baadaye nyundo na patasi. Mtu alikuwa anakitoa kizingiti. Mtu huyo alikuwa anahema sana na alikuwa analalamika kwa Kichaga.

Kiuno kilipata kitoroli. Magoti yalipata mto. Mlinzi alinunuliwa kikombe chenye mfuniko, na akakasirika. Pilipili ndiyo haikuguswa. Bwana Temba aliuliza kwa unyonge kama desturi hiyo ina umri gani, akaambiwa haina umri, akaanza kuja kukaa kwenye benchi saa nne pamoja nao, kwa hoja kwamba kama ni kuungua basi na muhogo ale. Alikuwa akiosha vikombe kila siku.

Chausiku alikaa nyumbani na dawa, na mazoezi ya vidole, na kikuku chake mkononi kama sheria ilivyotaka. Wiki ya nne ilipita. Ya saba. Beda alipouliza kwenye simu, jibu lilikuwa lile lile: mkono wa kushoto, kimya. Bwana Temba alikuwa amejifunza kuliogopa neno hilo. Alilisema kwa sauti ya mtu aliye msibani.

Wiki ya tisa, siku ya Alhamisi, Beda alikuwa amekuja kiwandani kupeleka fomu zake. Chai ilikuwa inamiminwa. Wavu wa presi ulipanda na kushuka, pumzi mbili zaidi kwa kila sufuria, na harusi zilizidi kuwa na masufuria.

Mlango wa ofisi ukafunguka kwa kishindo. Bwana Temba alitoka mbio, soksi tupu, tai begani, mkono wa kushoto ameushika kwa mkono wa kulia kama amebeba yai.

"Unauma!" alipiga kelele. "Jamani, unauma! Hapa! Hapa kwenye kidole cha shahada! Kama sindano!"

Hakuna aliyeelewa kwa sekunde moja. Halafu Mama Stumai aliangusha chupa, na vigelegele vikapanda hadi kwenye mabati.

Simu ya Beda ililia mfukoni. Alijua ni nani kabla hajaitoa.

"Mkurugenzi wa Machungu," alisema Chausiku, na sauti yake ilikuwa inacheka na kulia kwa pamoja. "Nimejichoma na sindano nikishona kifungo. Nimejichoma, Beda! Bosi amesikia?"

Beda aliinua simu juu ili asikie mwenyewe. Bwana Temba alikuwa anacheza katikati ya ukumbi, kwa soksi, ameinua kidole hewani.

"Mwambie ajichome tena!" alikuwa anaomba. "Mwambie ajichome tena!"